Safari ya Kumzuia Shemeji

Jumatatu, 4 Novemba

Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu nitoke nyumbani. Huandika hivyo kila nianzapo daftari jipya, kama mtu anayejipima homa. Homa haijapanda. Haijashuka pia.

Nina mpango. Ni mzuri kiasi kwamba mwenyewe nimeushangaa.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, kinyozi mstaafu na bingwa wa kubisha, anataka kurudi nyumbani moja kwa moja. Mtoto wa kaka yake amemjengea chumba uani. Kuta zimesimama, linangojwa neno lake tu kipauliwe kabla ya mvua. Shemeji amesema jibu atalitoa wiki hii. Ametangaza mbele ya binti yangu, tena akiwa na mkate mdomoni, kama mtu anayesema atanunua sabuni.

Akiondoka nitabaki na nani? Binti yangu lugha yetu anaielewa, ila utani inabidi umfafanulie, na utani uliofafanuliwa ni chai iliyopoa. Shemeji ndiye mtu wa mwisho duniani ninayeweza kumtukana vizuri naye akanijibu papo hapo.

Basi, mpango. Kuna hifadhi tatu za milima zilizofuatana kwenye barabara moja. Katika ile ya mwisho kuna mlima ambao ukiutazama ukiwa kwenye veranda ya nyumba ya wageni, ni pacha wa mlima wetu. Nimeuona kwenye kitabu cha watalii nilichonunua mwaka niliofika. Lugha ya hapa nilijifunzia humo. Tena nimekisahihisha chote kwa penseli, mazoea ya kazi, kwani kule nyumbani nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Hakuna koma iliyoniponyoka.

Shemeji atauona mlima, atanyamaza kidogo, kisha atasema: kumbe kwetu ni hapa hapa. Chumba kitabaki bila paa. Kuku watakifurahia.

Faida ya ziada: milimani simu hazishiki. Huyo mtoto wa kaka yake atapiga mpaka kidole kiote sugu.

Binti amekubali kuendesha. Ameuliza kama nimeulizia iwapo huko kuko wazi majira haya. Nimemjibu kwamba milima haifungwi.

Jumanne, 5 Novemba

Tumeondoka asubuhi. Shemeji amekuja na begi dogo la nguo na ule mkoba wake wa ngozi wenye mikasi. Nilimuuliza huko milimani anakwenda kunyoa mbuzi? Akasema ndiyo, ataanza na huyu anayetaka kukaa kiti cha mbele.

Kiti cha mbele alikipata yeye. Alisingizia goti. Goti lake huuma tu mahali penye viti viwili.

Hifadhi ya kwanza ina jumba la maonyesho ya mawe. Nilikuwa nimelisifia njia nzima: mawe ya rangi zote, mengine yanang'aa gizani. Tumefika. Mlango una mnyororo. Kuna tangazo kwamba pamefungwa mpaka majira ya joto. Shemeji akalisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma wosia. Kisha akanigeukia.

"Hata mawe wameyafungia, shemeji. Yangekimbilia wapi?"

Nilimwendea mlinzi wa geti. Nikamwambia kwa lugha safi ya kitabu kwamba hifadhi hii hukaribisha wageni wa rika zote wafurahie mandhari yake isiyo kifani. Mlinzi akanitazama. Akamuuliza binti yangu kama mzee hajambo. Binti akasema mzee hajambo, ni kusoma tu.

Vyoo pia vimefungwa! Wazee wawili na vyoo vilivyofungwa. Sitaandika zaidi, ila kuna mti pale ambao sasa tunafahamiana. Binti alijifanya anasoma ramani. Ameishika juu chini, na namshukuru kwa adabu hiyo.

Jioni Shemeji alisema safari si mbaya. Nikafurahi. Akaongeza kwamba inamfundisha kutokuwa na matumaini makubwa, jambo litakalomfaa akifika nyumbani. Furaha ikaisha.

Jumatano, 6 Novemba

Hifadhi ya pili. Bwawa la maji ya moto yatokayo ardhini, dawa ya magoti. Nilimshauri Shemeji avae kaptura ya kuogelea ndani ya suruali tangu asubuhi, ili tusipoteze muda. Akavaa. Akalalamika inambana, lakini akavaa.

Bwawa kavu. Chini kuna majani makavu na ufagio mmoja umelala peke yake.

Nilisema haraka kwamba wameyatoa maji kwa ajili ya usafi, ishara ya nchi inayojali. Shemeji alivua viatu, akakunja suruali, akashuka ngazi kwa heshima zote, akakaa ukingoni akatumbukiza miguu ndani ya majani. Akafumba macho.

"Maji ni mazuri sana leo. Ingia, shemeji, usiogope. Hayana kina."

Mfagiaji aliyekuwa akipita alicheka mpaka akaegemea ukuta. Binti alicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye ndipo nikakasirika. Nilimleta apapende, siyo apacheke. Ingawa nikikumbuka vizuri, ndivyo alivyoipenda nchi hii tangu siku ya kwanza. Kibanda chake cha kinyozi kilijaa wenyeji waliofuata kuchekwa kuliko kunyolewa.

Kisha hatari! Tukiwa kwenye maegesho simu yake ikalia. Mtandao, mahali nilipoapa hakuna! Kwa bahati alikuwa anahangaika na kaptura. Nilijitolea kumshikia simu kwa kuwa mifuko ya koti lake imetoboka. Akanipa bila neno. Niliizima. Si wizi. Ni kutunza betri.

Tumelala nyumba ya wageni ya barabarani ambayo jiko lake limefungwa. Mwenye nyumba, mama mpole, alitupa maji ya moto na samahani nyingi. Tulikula mkate na mayai ya kuchemsha tuliyobeba. Shemeji alimenya yai lake bila kulivunja, kwa vidole vile vile vilivyoninyoa kwa miaka yote ya ugenini. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia anapunguza chumvi ya watu.

Kesho ni kesho.

Alhamisi, 7 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Hifadhi ya tatu tuliikuta kwenye ukungu. Nyumba ya wageni, ile ya kitabuni, imepigiliwa mbao madirishani. Si kufungwa kwa msimu, imefungwa moja kwa moja. Nyasi zimeota kwenye ngazi. Kibao cha jina kimeanguka, mtu amekiegemeza ukutani kama mgonjwa. Kumbe mlango niliokuwa naubisha kichwani mwangu miaka yote hii, nyuma yake hapakuwa na mtu.

Lakini veranda ipo. Tukakaa kwenye sakafu. Binti akamimina chai. Nikawa napitia hotuba yangu kimoyomoyo. Ilianza na maneno "Shemeji, nyumbani ni nini?" na kuendelea vizuri.

Ukungu ukaondoka ghafla, kama mtu aliyevuta shuka.

Ulikuwa wenyewe. Mabega mawili na bonde katikati kama tandiko la punda. Hata lile kovu jeupe upande wa kulia! Nilikuwa tena kwenye ua wa baba yangu, nimebeba ndoo, nimechelewa shule. Hotuba yote ikayeyuka. Nikamgeukia Shemeji nimwone anavyonyamaza.

Alikuwa anapuliza chai.

"Ndiyo huo?" akauliza.

Nikasema ndiyo huo. Akatazama tena, akasema ni mlima mzuri, haumdai mtu, lakini na wetu haufanani hata kidogo. Wetu hauna mabega mawili. Nikamwambia amezeeka. Akasema mlima wetu una kichwa kimoja, kimeinama, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma akageuka. Nikamwambia huo ni mlima wa ndotoni mwake. Sauti zikapanda. Binti akaweka kikombe chini, akauliza swali ambalo sisi wawili, watu wazima na mvi zetu, hatujawahi kuulizana.

"Kwani baba na mjomba mlikaa upande mmoja?"

Shemeji akaacha kupuliza chai.

Mimi nilizaliwa mashariki ya mlima. Yeye na dada yake walizaliwa magharibi. Nilimwoa dada yake mjini, na kutoka mjini mlima hauonekani. Miaka yote hii tunasema "mlima wetu, mlima wetu", kila mtu na wake!

Shemeji alipata nguvu kwanza.

"Ndiyo maana! Nyinyi mlikaa mgongoni kwake, mtajua nini?"

"Mgongoni ni kwenu. Jua linachomoza kwetu."

"Jua linapita kwenu likiwa na usingizi. Kwetu linafika limeshaamka."

Nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa nimesimama mahali pengine. Mke wangu, siku zake za mwisho, alifumba macho akasema anauona mlima. Nilimshika mkono nikamwambia na mimi nauona. Nilikuwa nauona wangu.

Shemeji aliomba radhi akaenda nyuma ya nyumba, kwa haja ambayo serikali ya hapa imeifungia vyoo. Akakawia. Chai ikapoa. Binti akanituma nikamtazame, isije ikawa goti.

Nyuma ya jiko kuna njia ya miguu inayopita shimo la takataka na kuzunguka mwamba. Mlima uko karibu mno pale, ukisogea kidogo tu unabadilika sura. Nilimkuta mbele ya mwamba, kofia mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele, kama bomba ambalo halikukazwa vizuri. Hakuyafuta. Alinionyesha kwa kidevu.

Bega moja lilikuwa limemeza jingine. Bonde halipo. Kilele kimoja, kimeinama, kimegeuka kutazama nyuma.

"Sasa unaona?" akasema.

Nikaona. Mara ya kwanza maishani nikauona mlima wa mke wangu, kando ya shimo la takataka la hoteli iliyokufa.

Nilitaka tukae hapo. Nilidhani nimeshinda, maana mpango umetimia hata kuliko nilivyoupanga! Nikaanza: shemeji, nyumbani ni nini? Akanyoosha kiganja.

"Nipe simu."

Nikamwambia hapa mtandao haushiki.

"Nipe, shemeji. Na uiwashe, kama ulivyoizima."

Alijua tangu jana. Hakusema. Hicho ndicho kilichonichoma zaidi, kwamba alinipa siku nzima ya kufurahia ujanja wangu.

Simu ikashika. Pale pale, kando ya takataka, kwa nguvu zote! Akapiga. Akasikiliza salamu zote za huko, akazirudisha moja moja, hana haraka. Kisha akasema neno moja.

"Paueni."

Akasikiliza tena.

"Na mlango uelekee mlimani. Eeh. Hata kama ni upande wa choo."

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi nzima sikusema naye. Nilikaa kiti cha nyuma kwa hiari yangu, jambo lililomtisha binti. Nilipanga kununa mpaka nyumbani, na ningeweza, nina kipaji.

Tulisimama kwenye mgahawa wa pembeni mwa barabara. Umefungwa, bila shaka. Sikuwa hata na nguvu ya kushangaa. Shemeji alizunguka gari, akafungua mlango wangu, akaniambia shingo yangu ni kama uwanja ambao mwenyewe amesafiri. Nishuke.

Nikakaa juu ya kreti la soda. Akanifunga taulo. Hatuna kioo, sikuhitaji. Nilikuwa naisikia mikasi yake nyuma ya sikio, na ule mtindo wake wa kupuliza nywele kabla hajasema jambo.

Akapuliza. Akasema hakuniomba nifuatane naye, nimeona?

Nilikuwa nimeona. Hilo nalo liliniuma, niliandike tu. Kwa miaka nimetayarisha sababu za kukataa kurudi, sababu nzuri, koma zake mahali pake. Hakuna aliyezihitaji.

Nikamuuliza nilichokuwa nimekishikilia kooni tangu Jumatatu. Atamwachaje dada yake kwenye makaburi ya ugenini?

"Sijamwacha. Nimekuachia wewe."

Kisha akaeleza, mikasi ikifanya kazi. Kwamba kwao kuna watu bado wanaulizia. Shangazi mmoja yu hai, haoni lakini anauliza. Walipokea habari ya kifo kwa simu, maneno machache, mtandao ukakatika. Hakuna aliyewahi kuketi nao chini akawaambia alivyoishi: alivyocheka, alipika nini kwenye jiko la umeme, alivyogombana na majirani kwa lugha asiyoijua na akashinda. Mmoja wetu abaki naye, mmoja apeleke habari zake. Na kwa kuwa mimi ni mume, na tena siwezi kusimulia jambo bila kusahihisha, apeleke yeye.

Nikamwambia atawadanganya.

"Sana. Nitawaambia mume wake alikuwa na sura nzuri."

Mikasi ikasimama. Nilidhani anacheka. Nikangoja kidogo, nikatazama barabara. Binti alikuwa ameegemea gari, ametupa mgongo, mabega yanamtetemeka, na safari hii hakuna aliyemfafanulia kitu.

Baadaye Shemeji akasema amemaliza, ila sikio moja limezidi kuwa kubwa, hilo ni la kuzaliwa nalo. Akanipangusa shingo kwa brashi. Nikarudi garini. Kiti cha mbele kilikuwa wazi. Alikuwa ameshakaa nyuma na goti lake.

Jumapili, 24 Novemba

Shemeji aliondoka Jumanne iliyopita. Amefika salama.

Amepiga simu leo. Mvua imeanza kwao, inapiga mabati, sikusikia nusu ya maneno. Nilichosikia: mlango unaelekea mlimani, na ni kweli ni upande wa choo. Shangazi amemsikiliza siku nzima habari za dada yake, kisha akamwambia aanze upya, kuna mahali alisinzia. Wanauliza huyo mume ana sura nzuri kiasi gani. Amewajibu kwamba picha hazimtendei haki.

Nimenyolewa na kijana wa karibu na kituo cha basi. Anasikiliza muziki masikioni huku ananyoa. Sikumtukana. Ningeanzia wapi?

Nimekaa nikafikiri safari yetu ilipokosea, na nimepata jibu. Mpango haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa upande! Ningempeleka kwanza nyuma ya jiko, akalia akiwa hana simu, kisha nikamleta veranda na hotuba yangu, leo angekuwa hapa anapunguza chumvi. Bahati nzuri mambo hayajaharibika. Kuna mlima mwingine kusini, picha yake nimeiona, kichwa kimoja kimeinama kabisa. Nitamwalika mwakani, eti matembezi ya mwezi mmoja. Tutafikia nyumba ya wageni iliyo chini yake. Simu nitaifungia ndani ya sanduku la gari mapema.

Binti ameuliza kama hiyo nyumba ya wageni iko wazi, na kama nimepiga kuuliza. Nimemwambia kupigapiga simu huondoa ladha ya safari.

Kabla hatujakata, Shemeji alisema chumba ni kikubwa kuliko alivyodhani, kitanda cha pili kinaingia. Sasa ndiyo ameuliza! Alipaza sauti juu ya mvua ili asisikike anaomba. Nikamwambia nitafikiri.

Mchana binti alinipeleka makaburini. Nilipangusa jiwe, nikamwambia mke wangu kwamba kaka yake amefika, na kwamba mlima wake nimeuona, una kichwa kimoja, alikuwa anasema kweli. Nilimweleza pia nilikouonea. Angecheka.

Nilikaa naye mpaka baridi ikazidi. Nilikuwa nimeshafikiri.

Sitarudi.